Fundi Anajibu: Feni Inakabwa, Umeme Unaliwa Vilevile

Swali, Mtwara Mjini: Shikamoo fundi. Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda kidogo cha korosho. Tuna feni kubwa inapuliza hewa ya moto kwenye chumba cha kukaushia, mota yake kilowati 15. Korosho zikikaribia kukauka bosi anataka upepo upungue, kwa hiyo tunafunga dampa, kile kibao cha kuzuia hewa kwenye bomba mbele ya feni, mpaka nusu. Ajabu Luku inakimbia karibu vilevile. Kuna mtu anatuuzia vibao vya kufunga kwenye mdomo wa feni, mwingine anasema tununue invata. Tushike lipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Bosi wako yuko sahihi kutaka upepo upungue, korosho ikikaushwa kupitiliza inavunjikavunjika wakati wa kumenya na bei inashuka. Shida ni sehemu mnayoupunguzia huo upepo. Dampa ikiwa mbele ya feni maana yake mapanga yameshaisukuma hewa, mota imeshatoa nguvu yake, halafu ndo mnaikabia njiani, sasa ile nguvu inaishia palepale kwenye dampa kwa kelele na mtikisiko. Ampia zinashuka ndiyo, ila hazishuki kwa kiasi cha upepo mliokata.

Hivyo vibao mnavyouziwa ni kitu cha kweli, vinaitwa veni. Vinapangwa kwa duara pale feni inapovutia hewa, kila kimoja kina kishafti chake na vyote vimeshikwa na ringi moja, ukivuta mkono mmoja vinageuka kwa pamoja. Wengi wanadhani ni dampa nyingine tu imehamishiwa nyuma, hapana. Ukivifunga kidogo vinaanza kuizungusha hewa kabla haijagusa mapanga, tena kwa upande uleule mapanga yanakozungukia, ni kama mtu anayedandia daladala huku anakimbia nayo, haimnyanyui kwa kishindo kama aliyesimama. Panga linaikuta hewa iko mwendoni tayari, linaiongezea kidogo tu, na mota inabeba mzigo mdogo. Hapo ndipo umeme unapookolewa.

Ila kuna mambo mawili usiyaache. La kwanza, angalia mshale uliopo kwenye ganda la feni, unaoonyesha mapanga yanakozungukia. Veni zikifungwa kinyume, au mtu akibadilishana nyaya mbili za fezi za mota baada ya kuzifunga, mota ikazunguka kinyume, hewa inazungushwa kupingana na mapanga na mzigo unapanda badala ya kushuka, feni inaanza kunguruma na ampia zinaongezeka wakati we unafunga. Ukiona hivyo zima. La pili, vumbi la ngozi za korosho na moshi wenye mafuta ya maganda vinaganda kwenye vile vishafti, ukikaa wiki kadhaa bila kuvigusa vinashika na ule mkono hauvutiki tena, halafu unakuta vijana wameupiga nyundo mpaka ringi imepinda na kila kibao kinaangalia upande wake. Uvutwe kila siku kutoka mwanzo mpaka mwisho, hata kama hamuhitaji.

Sasa invata, na nasema invata ya mota siyo ile ya sola. Hii haigusi hewa kabisa, inapunguza mwendo wa mota. Na kwenye feni mwendo una hesabu nzuri sana ambayo natamani kila mwenye kiwanda aijue: upepo unafuata mwendo, msukumo unafuata mwendo kipeo cha pili, lakini nguvu inafuata mwendo kipeo cha tatu. Ukishusha mwendo mpaka asilimia 80, upepo unabaki 80 ila nguvu inashuka mpaka kama 51. Ukishusha mpaka 60 nguvu inabaki kama 22 hivi. Hiyo ni hesabu ya karatasi, kiwandani invata yenyewe na mota vinakula chao kidogo, lakini tofauti utaiona tu. Veni zinafanya vizuri ukipunguza upepo kidogo, mpaka kama asilimia 70, chini ya hapo faida yake inapungua haraka, na nyie mnataka nusu. Kwa hiyo kwenu nasema invata. Iwekeni kwenye boksi lililozibwa vizuri, mbali na vumbi, maana hewa yetu ya pwani ina chumvi na inakula bodi za umeme bila huruma, na msiendeshe mota taratibu sana kwa muda mrefu maana kile kifeni cha mkiani mwake kinachoipoza nacho kinakuwa kinazunguka taratibu.

Kama hela haipo sasa hivi na feni inaendeshwa kwa mkanda, kuna njia ya bei ndogo ambayo wauzaji hawaisemi: pimeni kama hata dampa ikiwa wazi yote upepo unazidi. Ukizidi badilisheni puli, ya mota iwe ndogo kidogo, na hesabu ileile ya kipeo cha tatu inawafanyia kazi.

Swali, Masasi: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Mwalimu kasema jenereta za Bwawa la Nyerere zinazunguka mwendo mmoja muda wote. Sasa wakitaka umeme mwingi au kidogo wanafanyaje kama mwendo haubadiliki?

Jibu: Swali zuri mno hili. Mwendo haubadiliki kwa sababu gridi yetu ni hezi 50, yaani umeme unageuka mara 50 kwa sekunde, na kila jenereta iliyoungwa lazima iende nayo sawa. Kinachobadilika ni maji. Pale Rufiji kuna turbaini 9, yaani mitambo ya magurudumu yanayozungushwa na maji, kila moja megawati 235, jumla 2,115, na ni za aina ya Francis, jina la James Francis aliyeitengeneza Lowell kule Marekani miaka ya 1840. Kuzunguka gurudumu lake kuna vilango vilivyosimama kwa duara, vyote vimeungwa kwenye ringi moja, na gavana, kifaa kinachosimamia mwendo wa mtambo, ndiyo inavifungua na kuvifunga kwa mafuta yenye presha. Vikifunguka maji mengi yanaingia tena kwa pembe nzuri, nguvu inapanda, mwendo uko palepale.

Lakini mapanga ya gurudumu lenyewe kwenye Francis hayageuki, yameshikana na chuma moja kwa moja. Ukiiendesha kwa mzigo mdogo sana maji yanaingia kwa pembe isiyolingana na mapanga, ufanisi unashuka na mtambo unatikisika. Viktor Kaplan wa Austria ndiye aliyelitatua hilo kwenye mwaka 1913, akatengeneza turbaini ambayo vilango vinageuka na mapanga nayo yanageuka, kwa pamoja, mafuta yakipitishwa ndani ya shafti iliyo wazi katikati. Kwa hiyo ufanisi unabaki juu hata mto ukipungua. Inafaa sehemu ambazo maji ni mengi ila anguko ni fupi. Kihansi ambako maji yanashuka zaidi ya mita 800 wanatumia turbaini ya aina ya Pelton, hiyo haina vilango kabisa, ina sindano inayoziba na kuachia mdomo wa maji.

Na hata gesi yetu ya Mnazi Bay haiko mbali na hili, turbaini za gesi kama zile za Kinyerezi kwa kawaida zina veni zinazogeuka pale mbele zinapovutia hewa.

Swali, Mikindani: Nikiyapinda mapanga ya pangaboi langu yasimame zaidi nitapata upepo mwingi?

Jibu: Usiyapinde dada. Ile pembe imepangwa kulingana na mota, ukiizidisha mota inalemewa, inapunguza mwendo na kupata moto. Na mkono hauwezi kuyapinda yote sawasawa, litaanza kuyumba darini.

Swali, Lindi: Tunavuta maji ya bahari kwenda kwenye majaruba ya chumvi kwa pampu ya panga na injini ya dizeli. Nikifunga vali ili maji yapungue injini inatoa moshi mweusi inataka kuzima. Jirani ana pampu ya kawaida, akifunga vali injini yake inakuwa nyepesi. Yangu mbovu?

Jibu: Siyo mbovu kaka, ila acha kuifunga leo hii. Pampu ya jirani inarusha maji pembeni kwa impela, yaani gurudumu lake la ndani, maji yakipungua na kazi inapungua. Yako inasukuma maji mbele kwa panga kama boti, na pampu za hivyo zinakula nguvu nyingi zaidi pale maji yanapozuiwa. Hata kuwasha, washa vali ikiwa wazi kabisa.

Ukitaka maji yapungue punguza mafuta ya injini, lakini kumbuka uwezo wa kupandisha unashuka kwa kipeo cha pili, kwenye mwendo wa asilimia 70 pampu inapandisha karibu nusu tu ya kimo cha mwanzo. Wakati wa bamvua maji yakiwa yamejaa itavuta vizuri, yakishakupwa inaweza isitoe hata tone.

Halafu fungua kitovu cha panga ukitazame. Kama kila panga limeshikwa na bolti yake na kuna alama za digrii, basi pembe inarekebishika: injini ikiwa imezimwa, punguza digrii chache, pampu itatoa maji machache na injini itapumua. Mapanga yote yawe alama moja kabisa, kaza bolti, zungusha shafti kwa mkono ujue hakuna linalogusa bomba, ndo uwashe.