Ukoo wa Ashina ulijimaliza wenyewe

Ndugu Mhariri, mmetuuliza wiki hii ni nini hasa huangusha himaya kubwa: adui wa nje, au ugomvi wa watawala wenyewe. Mimi nasema ni ugomvi, na mfano ninaoutoa ni wa ukoo wa Ashina, uliowatawala Waturuki wa kale katika nyika za Mongolia na Asia ya Kati. Mwaka 552 Bumin, mkuu wa ukoo huo, aliwashinda Warouran waliokuwa mabwana zake, baada ya kuomba binti ya mtawala wao akajibiwa kwa matusi kwamba yeye ni mtumwa wa kufua chuma. Mwaka 568 wajumbe wa ndugu yake, Istämi, walikwisha kufika Konstantinopoli kutafuta soko la hariri.

Kagani, yaani mtawala mkuu, alipaswa kuwa mtu wa Ashina kwa damu. Ukoo ulijinasibu na mbwa mwitu jike aliyemlea mtoto pekee aliyenusurika mauaji ya watu wake, na bendera zao zilikuwa na kichwa cha dhahabu cha mnyama huyo. Kumbukumbu za Kichina zinaeleza namna kagani mpya alivyosimikwa: wakuu walimbeba juu ya mkeka wa manyoya, wakamzungusha mara tisa kwa kufuata mwendo wa jua, kisha wakamkaba shingo kwa kitambaa cha hariri hadi akakaribia kukata roho, ndipo wakamlegezea na kumuuliza haraka atatawala miaka mingapi. Maneno aliyoyaropoka ndiyo waliyoyachukua kuwa kipimo cha utawala wake.

Damu hiyo iliyowazuia watu wa koo nyingine wasikitamani kiti haikusema ni nani, kati ya wana wengi wa ukoo, aliyestahili kukikalia. Mara nyingi kiti kilitoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, na baada ya hapo wana wa kila ndugu walikuwa na madai ya haki. Kagani Taspar alipofariki mwaka 581, aliacha wosia kwamba arithiwe na Daluobian, mtoto wa kaka yake Muqan. Wakuu walimkataa kwa sababu mama yake alikuwa wa daraja la chini. Mwana wa Taspar akakipokea kiti, akashindwa kuvumilia matusi ya Daluobian, akamwachia binamu yao Ishbara. Ishbara aliishambulia kambi ya Daluobian na kumuua mama yake, naye Daluobian akakimbilia magharibi kwa Tardu, mwana wa Istämi. Watawala wa Sui nchini China waliuchochea moto huo kwa kumpelekea Tardu bendera ya kichwa cha mbwa mwitu, lakini kuni zilikuwa zimepangwa na Ashina wenyewe.

Sikatai kwamba majeshi ya nasaba ya Tang ya China ndiyo yaliyomkamata kagani wa nusu ya mashariki ya himaya iliyogawanyika, mwaka 630, wala kwamba theluji kali ilikuwa imeua mifugo yake kwa wingi. Hata hivyo, mpwa wake mwenyewe, Tuli, alikuwa amekwisha kwenda upande wa China.

Himaya ilifufuliwa mwaka 682, na katika bonde la Orkhon, Mongolia, lingaliko jiwe lenye maandishi ambalo Bilge Kagani alilisimamisha mwaka 732 kwa ajili ya mdogo wake, Kül Tigin. Humo anailaumu hila ya Wachina kwa kuwagombanisha kaka na wadogo zao. Ninayaheshimu maombolezo yake, lakini lawama hiyo siikubali yote. Bilge mwenyewe alikipata kiti mwaka 716 kwa sababu Kül Tigin alimuua binamu yao, Inel, pamoja na jamaa na washauri wake; Inel alikuwa amemrithi baba yake, Kagani Qapaghan. Mauaji hayo yalipangwa nyumbani mwa Ashina, na aliyafanya yuleyule anayesifiwa kwenye jiwe.