Msijaze korongo udongo: nilivyojifunza kutengeneza njia za msituni baada ya mvua

Mvua ya Machi mpaka Mei 2024 kila mtu Nairobi anaikumbuka, kuna watu walipoteza nyumba na hata jamaa zao, kwa hivyo najua njia ya kutembea ni kitu kidogo ukilinganisha. Lakini mimi na wenzangu tunaotembea Jumamosi tuliporudi msituni mwezi wa sita tulikuta ile njia yetu ya kushuka mtoni imeisha. Imekuwa korongo, mahali pengine linafika magotini, pengine kiunoni, mizizi inaning'inia hewani, na watu washaanza kukanyaga kushoto na kulia ili wasiingie humo ndani, sa njia moja imekuwa tatu. Tukaomba ruhusa, tukakubaliwa, tukaja na majembe, mabeleshi, karai na wilbaro mbili tukabeba udongo siku mbili nzima, tukajaza lile korongo mpaka likawa sawa kabisa na pembeni. Tulipiga picha, tulifurahi sana. Mvua za vuli zikaanza, hata mwezi haukuisha, udongo wetu wote ukaenda mtoni.

Naandika hii kwa sababu naona grupu nyingi za kutembea sasa zina moyo wa kurudisha mkono kwa misitu tunayoifurahia, na wengi wanaanzia pale pale tulipoanzia sisi, kwa shimo. Wanaliona shimo wanataka kulijaza.

Siku tumesimama tunaangalia hiyo hasara alikuja mama mmoja anayeuza ndizi na maembe karibu na geti, kwao ni Kangundo. Akaangalia juu, akaangalia chini, akatuuliza, "Sasa watoto wangu, haya maji mliyaambia yaende wapi?" Tukanyamaza. Akasema, "Mmeyaziba tu. Maji hayazibwi, yanaonyeshwa mlango."

Alafu akatueleza vile kwao Machakos akina mama walikuwa wanatoka na mwethya, kikundi kizima shamba moja baada ya lingine, wanachimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro ukikata mteremko, udongo unautupa upande wa juu, maji yakishuka yanasimama hapo yanaingia ardhini polepole badala ya kukimbia na shamba. Mi nilikuwa nimeyaona hayo matuta maisha yangu yote kwa dirisha la matatu na sikuwahi kufikiria yana uhusiano wowote na njia ya kutembea. Kumbe ni akili ile ile. Njia yetu ilikuwa imeshuka kilima wima, pale pale maji yenyewe yangependa kupita, so hata ukijaza mara kumi yatarudi mara kumi.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza hauna jembe ndani yake. Vaa gambuti, chukua mwavuli na vipande vya kitambaa, uende kuangalia njia mvua ikinyesha au saa ile imetoka tu kunyesha. Tembea kutoka juu kabisa. Pale maji yanapoingia kwenye njia funga kitambaa kwa fito, pale yanapotoka funga kingine cha rangi tofauti. Sisi tulikuta maji karibu yote yanaingia sehemu moja tu, kwa kona ya juu ambapo mtaro wa zamani ulikuwa umejaa majani na takataka. Sehemu moja! Tulikuwa tumebeba udongo siku mbili chini huko na ugonjwa uko juu.

Kuhusu usalama hapa sitazunguka: msiingie mabonde na makorongo ya mito wakati wa mvua, hata kama hapo mlipo jua linawaka. Septemba 2019 watu saba walikufa kwenye korongo la hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, kwa sababu mafuriko yalikuja ghafla kutoka juu. Na hii ndio sababu kuna njia ambazo mimi siwezi kupendekeza zitengenezwe hata kidogo. Kama njia inapita ndani ya mkondo wa maji, ihamishwe, hata kama ndio nzuri zaidi kwa picha.

Sasa kuhamisha. Wanaotengeneza njia za milimani wana kanuni moja ambayo ukiishika umeshika nusu ya kazi: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima. Kilima kikishuka mita 2 kwa kila mita 10, njia yako isishuke zaidi ya mita 1 kwa hizo mita 10. Ukipita hapo maji yanakoma kuivuka njia yanaanza kuifuata. Na hata kilima kikiwa kikali sana, jitahidi njia kwa wastani ibaki karibu asilimia 10, yaani mita 1 kwa 10, maana udongo wetu mwekundu wa upande wa msitu wa Karura, Nairobi, na Kiambu ukishakanyagwa ukawa mgumu juu haunywi maji haraka, yanateleza tu.

Kupima usisumbuke na vifaa vya bei. Fundi yeyote wa mjengo atakuonyesha vile wanapima msingi na paipu ya maji, ile paipu inayoonyesha ndani, unaijaza maji, mmoja anashika upande huu na mwingine upande ule, maji ya pande zote mbili yatasimama usawa mmoja hata mkiwa mbali. Mkiwa na fito mbili zenye alama za sentimita mnajua njia imeshuka kiasi gani kutoka hapa mpaka pale. Tulipita na hiyo paipu kilima kizima, tukapigilia fito, tukarudi nyuma mara nyingi sana, kuna mahali tulibadilisha mara nne kwa sababu ya mti mmoja wa kienyeji ambao hakuna mtu alitaka kuumiza mizizi yake. Hiyo kazi ya fito ilichukua Jumamosi tatu na kuchimba kukachukua mbili tu, na naona hivyo ndivyo inafaa kuwa.

Ukichimba, hakikisha njia imeinama kidogo upande wa bonde, kama sentimita 5 kwa njia ya upana wa mita 1. Weka mpira hapo katikati, ukibiringika ukatoka kwa upande wa chini uko sawa, ukibiringika kufuata njia, chimba tena. Na usiache ile kingo ya udongo inayobaki upande wa bonde, inapendeza kwa macho lakini inafungia maji ndani. Alafu kila baada ya hatua kadhaa, njia inayoshuka ipande kidogo kama tuta la barabarani, ndio maji yakifika hapo yakose pa kwenda ila nje. Haya mapando ndiyo yamenishangaza zaidi kwa sababu mtu anayetembea hata hayasikii kwa miguu lakini maji yanayatii.

Wengi wanapenda kulaza magogo kukata njia ili kusukuma maji nje. Yanafanya kazi, ila yakikata njia moja kwa moja yanakuwa bwawa, lazima yalale mshazari, karibu digrii 45. Na hapa kwetu gogo ambalo halijapakwa dawa ni chakula cha mchwa. Sisi yetu ya mkaratusi hayakumaliza mwaka. Tumia mawe, makubwa, yaliyozikwa zaidi ya nusu, sio kuwekwa juu juu.

Ruhusa tafadhali. Msitu wa serikali huingii na panga ukakata njia mpya kwa sababu una nia nzuri. Sheria ya misitu ya 2016 imeipa jamii nafasi kupitia vyama vya misitu, kwa hivyo tafuta chama cha msitu wenu na ofisi ya Kenya Forest Service, mkae nao, wanajua mbegu ziko wapi na wanyama wanapita wapi. Karura tunayoitembea leo, mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale Januari 1999 wakiwa wameenda kupanda miti. Mimi nikifikiria hivyo sioni uzito wa kusubiri barua wiki tatu. Na miti iliyoangushwa na upepo msiiguse na msumeno, ule mti uliolala umejikunja una nguvu ndani yake, ukikatwa vibaya unaruka na kumpiga mtu, waachie waliofunzwa.

Kitu kigumu kuliko vyote kumbe ilikuwa kufunga njia ya zamani. Watu wameizoea, na miguu ya watu ni kama maji tu, inataka njia fupi. Tuliweka kibao na hakuna aliyekisoma. Kilichosaidia ni kuficha mdomo wa njia ya zamani, zile mita kumi za kwanza ambazo mtu anaona akifika kwa kona: tuliburuta matawi makubwa, tukapanda miche ya kienyeji kutoka kitalu cha chama, tukachanachana udongo uliokuwa mgumu ndio uweze kunywa maji. Ndani ya korongo lenyewe tukajenga vizuizi vidogo vya mawe na fito kimoja baada ya kingine, na hatukuongeza udongo hata karai moja. Mvua yenyewe inaleta udongo, kila kizuizi kinashika kidogo.

Kwa tambarare zenye udongo mweusi, upande wa Athi River huko, haya ya mteremko hayatawasaidia sana, huko dawa ni kuinua njia kwa mawe na changarawe, na kuwaomba watu wapite katikati ya tope badala ya kulizunguka. Mtu aliyepanda Mlima Kenya kupitia Naro Moru anaijua ile sehemu ya tope juu ya kambi ya Met Station, watu wakizunguka tope wanaua nyasi za pembeni, pembeni panakuwa tope pia, wanaokuja nyuma wanazunguka zaidi.

Wakati mzuri wa kuchimba ni mwezi wa sita, udongo bado una unyevu lakini haugandi kwa jembe. Ukichimba Februari ni vumbi tupu, haushikani. Na mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, rudini na majembe mawili mtoe majani na mchanga pale maji yanapotoka njiani. Mwaka jana kazi hiyo ilituchukua asubuhi moja, saa nne tulikuwa tumemaliza tuko kwa geti tunakula maembe ya yule mama, akatuuliza kama ule mlango wa juu kabisa tumeufungua, ikabidi wawili wetu warudi.