Zotero haijui postnomu zetu

Msomaji wa Bukavu anayeandika memwari (kazi ya kumaliza masomo chuoni) anauliza kwa nini orodha yake ya marejeo inatoa «Nziem, Isidore Ndaywel è» badala ya «Ndaywel è Nziem, Isidore». Swali hili linawahusu Wakongo wengi wanaotumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo.

Programu hii ina nafasi mbili za mwandishi: jina la ukoo na jina la kwanza. Ikipewa jina zima bila mpangilio, hulifanya neno la mwisho kuwa la ukoo. Sisi tuna nomu, postnomu (jina linalofuata nomu) na prenomu (kama Jean), na prenomu mara nyingi huja mwisho, basi Jean anageuka ukoo. Fungua rekodi: nomu na postnomu ziingie pamoja nafasi ya kwanza, prenomu ya pili. Wizara na mashirika yana dawa yao: bonyeza alama ndogo kando ya jina, nafasi mbili ziwe moja, la sivyo utasoma «Santé, Ministère de la». Rekebisha siku ileile unapoingiza makala. Rekodi zikishafika mia mbili, nani atazipitia?

Kuhusu kubana mega za intaneti, ingia kwenye mipangilio uzime kunasa kurasa za tovuti na kupakua PDF moja kwa moja. Nakili DOI (namba ya utambulisho ya makala), bonyeza kitufe chenye kifimbo, bandika. Taarifa za makala huja kwa mega kidogo sana. PDF ichukue ukishasoma muhtasari na kuona inakufaa.

Rekodi pacha ziunganishe, usifute moja. Ukifuta ile uliyoitaja tayari ndani ya Word, rejeo linakatika, na masahihisho yako hayafiki tena kwenye maandishi. Namba ya ukurasa nayo iandike ndani ya kisanduku cha Zotero, si kwa mkono.

Direkta, yaani msimamizi wa memwari, akitaka APA (mtindo wa kutaja mwandishi na mwaka ndani ya maandishi) leo na kesho nota za chini (wapo!), badilisha mtindo tu kwenye Word.

Mtandaoni Zotero inakupa megabaiti 300 za bure kwa faili. Kwa akiba, funga programu kwanza, kisha nakili folda nzima ya Zotero, yaani zotero.sqlite pamoja na storage, kwenye flashi. Usiiweke folda unayofanyia kazi ndani ya Dropbox wala Google Drive: hifadhidata inaweza kuharibika.

Ukitaka kukata uhusiano wa marejeo na Zotero kabla ya kumtumia direkta, kata kwenye nakala ya pili. Ukishakata, haurudi.