Kiyidi kilifikaje Poland?

Umeuliza kwa nini Wayahudi wa Poland walizungumza Kiyidi, lugha ya ukoo wa Kijerumani, ilhali walizungukwa na Waslavi. Jibu ni kwamba wengi wa wahenga wao walitoka magharibi, hasa miji ya bonde la Rhine kama Mainz, Worms na Speyer, ambako Wayahudi wengi waliuawa mwaka 1096 wakati wa Vita vya Kwanza vya Msalaba, kisha tena mwaka 1349 waliposingiziwa kwamba walitia sumu visimani na kuleta tauni (tauni iliyowaua wao pia). Hata hivyo, nisingependa ieleweke kwamba walikimbia tu, kwa sababu Poland nayo iliwavutia: mwaka 1264 mtawala Bolesław alitoa hati mjini Kalisz, huko Poland, iliyowalinda Wayahudi, mali zao na biashara yao ya kukopesha fedha, na mfalme Kazimierz III akaithibitisha mwaka 1334. Safari hiyo ndefu ingali ikisikika katika neno la Kiyidi bentshn, yaani kubariki, lililotokana na benedicere ya Kilatini na kuandikwa kwa herufi za Kiebrania.