Maswali ya Wasomaji: Mzigo wa majaribio ulionaswa wakati wa mbalamwezi

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi wa mfumo wa ushirika wa wanunuzi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mnunuzi akishapima mabeseni yake, anapiga picha ya mizani kwa simu na kuituma kwenye seva yetu iliyoko Mwanga, kisha mvuvi anapata stakabadhi. Tumenunua seva mpya, nikataka kuijaribu kwa mzigo unaofanana na wa kweli. Nilinasa pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) kwa programu ya tcpdump siku 6, kipindi boti zimepumzika ufukweni, ili nisimsumbue mtu. Nilipozirusha kwa tcpreplay, programu inayorudia kutuma pakiti zilizonaswa, seva mpya ilizikataa karibu zote. Nikageukia JMeter, programu inayoiga watumiaji wengi: wastani ulikuwa maombi 3 kwa sekunde, nikauzidisha mara 4, ikapita vizuri. Tulipoiwasha rasmi, haikumaliza wiki mbili. Saa 12 asubuhi ilikwama, wanunuzi na wavuvi wakaanza kugombana. Nimekosea wapi?
Fundi, Kibirizi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa asubuhi hiyo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale pale: "boti zimepumzika ufukweni". Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, najua maana yake. Ilikuwa mbalamwezi. Mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazikusanyi dagaa, na watu hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Ulichonasa ni ushirika ukiwa umelala, na hata ukiuzidisha mara 40 hautakuwa alfajiri ya giza.

Lakini hata ungenasa gizani, tcpreplay isingekusaidia kwa kazi hii. Muunganisho wa TCP, utaratibu ambao simu na seva hutumia kupeana data, ni mazungumzo. Kila unapofunguliwa, seva huchagua namba mpya ya kuanzia, isiyotabirika, na simu inatakiwa kuijibu namba hiyo hiyo. Pakiti zako zinajibu namba zilizotajwa na seva ya zamani siku ulipozinasa. Seva mpya haikuzitaja, basi inazikataa, na iko sahihi. Chombo hicho kinafaa kupima swichi au mtambo wa kukagua pakiti zinazopita, si seva inayozungumza.

Kuhusu wastani, nilifundishwa kazi kwenye chumba cha mitambo ya simu, na hesabu tuliyopewa ilikuwa ya Erlang, Mdenmark aliyeonyesha mwaka 1909 kwamba simu huingia kwa kubahatisha, yaani kila moja kwa wakati wake bila kutegemea nyingine. Raha ya hesabu ile ni kwamba ukijumlisha muda mrefu, vilima na mabonde ya mzigo vinafutana. Niliiamini sana, nikaibeba hadi kwenye intaneti, na iliniumiza kama ilivyokuumiza wewe. Wahandisi wa Bellcore, kampuni ya utafiti wa simu kule Marekani, walipima mtandao wa Ethernet, ule wa waya unaounganisha kompyuta ofisini, kati ya 1989 na 1992, wakakuta vilima havifutani: ukitazama kwa sekunde viko, kwa dakika viko, kwa saa bado viko. Kipimo cha ukaidi huo kinaitwa kwa jina la Hurst, Mwingereza aliyepima maji ya mto Nile kwa miaka mingi na kukuta miaka ya maji mengi hufuatana, na ya maji haba vilevile. Mwaka 1995 watafiti wa mtandao Paxson na Floyd wakaongeza jambo ambalo ndilo nataka ulishike: pakiti hazifuati hesabu ya Erlang, ila nyakati ambazo watu wanaanza kutumia mtandao zinaifuata vizuri, ukiitazama kila saa peke yake.

Kwa hiyo usiige pakiti. Iga watu, pakiti zitajizaa zenyewe.

Na kwenu Kibirizi rudi hatua moja nyuma zaidi. Boti moja ikitia nanga, wanunuzi ishirini wanatoa simu kwa pamoja, kwa hiyo wao hawaji kwa kubahatisha. Kinachobahatisha ni boti. Mfano wako uanze na boti kufika, kila boti ilete kundi la wanunuzi, na kila mnunuzi awe na mwendo wake kamili uliotolewa kwenye kumbukumbu za seva: alituma nini, akasubiri muda gani, akatuma tena nini. Chukua mwendo mzima wa mtu mmoja jinsi ulivyo. Ukichanganya ukubwa wa picha wa huyu na subira ya yule, utapoteza uhusiano uliopo kati yao. Na usifute picha chache kubwa kupita kiasi kwa kudhani ni makosa. Hizo chache ndizo zinazoziba njia.

Tenga pia yaliyo ya mtu na yaliyo ya mtandao. Pale seva, muda kati ya jibu lake la kwanza la kufungua muunganisho na uthibitisho wa simu unakuambia safari ya kwenda na kurudi inachukua muda gani. Uandike kando. Kwenye maabara mtu wako wa bandia atume kwa subira yake, na ucheleweshaji na upotevu wa pakiti uuweke kwa netem, chombo cha Linux cha kuiga mtandao mbovu. Usipotenganisha, utakuwa umegandisha udhaifu wa mnara wa simu wa siku ile ndani ya tabia ya mnunuzi.

Kuna hili pia, na naamini ndilo lililowaangusha. JMeter, kwa mpangilio wake wa kawaida, kila mtumiaji wa bandia husubiri jibu kabla ya kuomba tena. Seva ikichelewa, nao wanapunguza kasi kwa adabu. Mnunuzi mwenye dagaa wabichi kwenye beseni hana adabu hiyo. Anabonyeza tena, na boti nyingine inafika bila kujali foleni. Panga watumiaji wako wa bandia waje kwa ratiba ya boti, seva iwe imejibu au haijajibu, na uweke kubonyeza tena kama ulivyokukuta kwenye kumbukumbu.

Namba za simu na majina viondoe kabla hujahifadhi chochote. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na wavuvi wale wamekuamini. Kwa hesabu ya nyakati na ukubwa, vichwa vya pakiti vinatosha. Mengine utayapata kwenye kumbukumbu za seva yenyewe.

Nasa upya kuanzia mwezi unapoanza kuchelewa kuchomoza hadi mbalamwezi ijayo. Jenga mfano kwa siku zote isipokuwa alfajiri mbili za giza, uzifiche hizo. Kisha hesabu maombi ya mfano wako kwa sekunde 1, kwa sekunde 10 na kwa dakika, uyalinganishe na alfajiri ulizoficha. Vilima vikilingana kwenye vipimo vyote vitatu, ijaribu seva mpya kwa mfano huo, na ikihimili, irudishe kazini. Visipolingana, anza kwa kukagua boti zako zinafikaje.