Kabla hujanunua programu ya ulinzi, niambie nani ana funguo

Kuna msomaji kaniandikia wiki hii anauliza ofisi yao inunue programu gani ya ulinzi, bosi keshatoa bajeti na anataka jibu haraka. Nimemjibu kwa swali: mna akaunti ngapi kwenye mifumo yenu, na ni za nani? Kimya mpaka sasa. Wala simcheki, maana ofisi niliyoingia mimi kama mtu wa IT ilikuwa hivyo hivyo, faiwoli (ukuta wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni) ya bei mbaya ipo, lakini nani anaweza kufungua faili la mishahara hakuna anayejua.

Nilichofanya hakikuhitaji hela. Niliomba utumishi wanipe majina ya wafanyakazi waliopo, nikatoa majina yote yaliyoko kwenye seva, ile kompyuta kuu ya ofisi, nikakaa kulinganisha moja moja. Weee! Watu walioacha kazi zamani bado wanaweza kuingia, mmoja wao ana nguvu zote za admini, kuna akaunti inaitwa "majaribio" hakuna anayekumbuka nani aliifungua, halafu uhasibu wote wanatumia paswedi moja imebandikwa pembeni ya skrini. Orodha ya wateja ndo usiseme, iko kwenye seva, iko kwenye flashi za watu, iko kwenye barua pepe binafsi za waliotaka "kumalizia kazi nyumbani".

Nilipoanza kufunga nikawa adui. Naitwa polisi, naambiwa nachelewesha kazi, mkuu mmoja akasema kwenye kikao mbele ya watu wote kwamba huyu anajitafutia tu cha kufanya, watu wakacheka, na mimi nikacheka nao lakini iliniuma na bado inaniuma. Sikuacha. Majuzi napitia kumbukumbu za seva nakuta usiku wa manane kuna mtu kajaribu kuingia kwa majina ya wale wale walioondoka, moja baada ya jingine, likiwemo la yule admini, yote yakagoma. Nikapeleka ripoti. Nilichojibiwa ni kwamba tushukuru mfumo wetu uko imara. Mfumo! Haya bwana.

Anayedhani natia chumvi asome yaliyoikuta Colonial Pipeline, kampuni ya bomba la mafuta kule Marekani. Mei 2021 wahalifu waliwafungia mifumo wakidai pesa, na waliingia kupitia akaunti ya VPN (njia ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa mbali) ambayo hakuna aliyekuwa anaitumia tena ila haikufungwa, na ilitaka paswedi tu, hamna namba ya pili ya kuthibitisha kwamba ni wewe. Bomba lilisimama siku kadhaa, na kampuni ikawalipa wahalifu bitcoin 75, zile sarafu za mtandaoni, kama dola milioni 4.4 kwa wakati ule. FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, walikuja kurudisha sehemu kubwa ya hizo bitcoin, lakini wewe usipange bajeti kwa kutegemea FBI.

Kwa hiyo sikilizeni. Akaunti ifungwe siku ile ile mtu anapoondoka, na utumishi ndo wakwambie, sio wewe usikie kwenye sherehe ya kumuaga. Kila mtu apewe kinachohusu kazi yake basi, hata kama ni rafiki wa bosi. Masasisho ya programu nayo yasisubiri "tukipata nafasi": kirusi cha WannaCry kilipowashambulia watu Mei 2017, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba tundu kilikopitia tangu Machi. Na tena, fungeni akaunti za walioondoka, hili nitalirudia mpaka mnichoke.

Bakapu, yaani nakala za akiba, ndo watu wanajidanganya zaidi. Mwezi Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilifuta seva za Maersk, wale wenye meli, pamoja na zile zinazotunza akaunti zote za mtandao wao, na nakala pekee ya hizo za akaunti waliyoikuta nzima ilikuwa ofisi ya Ghana, ilipona kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ikawa nje ya mtandao. Kampuni kubwa namna ile! Weka nakala moja isiyounganishwa na mtandao wowote, halafu mara kwa mara irudishe kwenye kompyuta tupu uone kama mafaili yanafunguka, maana taa ya kijani inayosema bakapu imekamilika haijawahi kumrudishia mtu data.

Na hiyo namba ya pili ya kuingilia, bosi aanze yeye. Wakuu ndo wanaomba kusamehewa kwa kuwa "inasumbua", wakati akaunti zao ndo zinafungua kila kitu.