Desemba na darasa la mazoezi linalopungua

Ikishapita Sikukuu ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, maswali yanayoingia kwenye safu hii huanza kufanana. Wengi wanaouliza ni walimu na viongozi wa vikundi vya mazoezi hapa Dar, wachache ni wanachama. Nimejibu yale yanayowagusa wengi.

Darasa langu la jioni Tabata lina watu kama thelathini. Desemba ikifika katikati nabaki na sita au saba. Nifunge mpaka Januari? (Mwalimu, Tabata)

Usifunge, punguza. Hao wasioonekana hawajakuchoka. Wana harusi, sendoff, vikao vya kufunga mwaka kazini, na siku nzima ya kusukumana Kariakoo kutafuta nguo za watoto. Mtu wa namna hiyo ukimwekea ratiba ya siku tano kwa wiki, atakosa mbili za kwanza, ataona haya, na hata siku aliyo na nafasi hatakuja. Aibu hiyo huwafukuza watu darasani Desemba kuliko pilau.

Kwa hiyo tangaza ratiba ya sikukuu mapema, kabla wao hawajajipangia ya kwao. Siku mbili zinatosha, tuseme Jumanne na Jumamosi, na zote ziwe asubuhi. Jioni za Desemba si zako tena, ni za foleni na shughuli. Jua la Dar mwezi huu linachomoza karibu saa 12 kamili, kwa hiyo saa 12 na robo watu wanaonana vizuri na joto bado halijakolea.

Najua utauliza, siku mbili zitasaidia nini? Mwaka 1981 mtafiti wa Marekani, Robert Hickson, na mwenzake walichapisha matokeo ya watu waliozoea mazoezi siku 6 kwa wiki, kisha baadhi yao wakashushwa hadi siku 2 kwa muda wa wiki 15. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ulibaki karibu palepale, kwa sababu ukali wa mazoezi haukuguswa. Baadaye Hickson alipojaribu kupunguza ukali, uwezo huo ukashuka. Maana yake kwako: punguza siku, fupisha hata kipindi kifike dakika 40, ila waliokuja watoke jasho kwelikweli. Darasa la sikukuu la kujinyoosha na kupiga picha halitamfikisha mtu Januari.

Na hao sita au saba usiwaone kama masalia. Ukiwa na watu thelathini huwezi kumfuata mmoja mmoja. Ukiwa na saba unaweza. Mtazame yule ambaye magoti huingia ndani akichuchumaa, na yule anayelegeza kiuno kwenye pushapu, uwarekebishe mpaka waelewe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote unazoweza kufanya mwezi huu, na mwanachama aliyepewa muda wa namna hiyo hakumbushwi ada yake.

Mwalimu, shikamoo. Nasafiri kwenda nyumbani Kibosho kuanzia tarehe 18 mpaka mwaka mpya upite. Kila mwaka nikirudi nahema kama sijawahi kufanya mazoezi. Nifanyeje? (Mwanachama, Sinza)

Marahaba. Kwanza ujue kinachotokea. Ukiacha mazoezi kabisa, pumzi huanza kupungua ndani ya wiki mbili hivi. Nguvu za misuli huvumilia zaidi kidogo. Likizo yako inavuka wiki mbili, ndiyo maana unarudi unahema.

Ila wewe una bahati kuliko anayekwenda sehemu ya tambarare. Kibosho ni miteremko. Ukitumwa sukari dukani barabarani, nenda mwenyewe, na wakati wa kupanda kurudi nyumbani usikubali bodaboda. Mara tatu kwa wiki ongeza dakika 20 asubuhi, kabla watu hawajaanza kugawana kazi za jikoni na za kuchinja: panda mlima kwa haraka dakika moja, shuka polepole, kisha chuchumaa mara 15 na piga pushapu 10 ukiwa umeegemeza mikono kwenye ngazi ya baraza. Rudia mara tano. Baridi ya huko itakusaidia. Zoezi hilohilo Sinza saa nne asubuhi lingekumaliza.

Tafuta pia binamu wa kufanya naye. Shangazi watacheka siku ya kwanza, siku ya tatu mmoja wao atakuuliza kama zoezi hilo linafaa kwa mgongo. Na kwenye basi, mkisimama Korogwe kula, maliza chakula haraka utembee kidogo kabla hamjaitwa kupanda.

Walimu mnaosoma hili, nina neno kwenu pia. Kabla watu hawajatawanyika, mpe kila anayesafiri mwenzake mmoja anayebaki Dar. Kazi yao ni moja: kila Jumamosi watumiane sauti fupi kwenye WhatsApp, kila mmoja aseme alichofanya wiki hiyo, hata kama ni kutembea kwenda kanisani. Tangazo la mwalimu kwenye grupu lenye watu themanini halimhusu mtu. Sauti ya mwenzako inayokuuliza wewe kwa jina ni ngumu kuipuuza.

Kiongozi wetu wa joging huku Mbagala anaweka kwenye grupu orodha ya wasiokuja, na utani wa vitambi. Anasema ni hamasa. Ni sawa? (Mwanachama, Mbagala)

Si sawa. Wanaochekea utani huo ni waliokuja. Wanaosomwa kwenye orodha wanatoka kwenye grupu kimyakimya, na wengine hata Januari hawarudi. Mwombe, faragha na kwa heshima, aandike saa na mahali pa kukutana tu. Kama anataka kumfuatilia mtu, ampigie simu, amsalimie, amuulize habari za nyumbani, na suala la mwili aliache. Huenda akakuta huyo anayemtania ana mgonjwa Muhimbili.

Mwanachama anataka kulipa nusu ya ada ya Desemba kwa sababu atasafiri. Nikimkubalia yeye, wote watataka. Na pango la ukumbi halipungui. (Mwalimu, Kinondoni)

Wakitaka wote, wape wote, ila weka utaratibu kabla hawajaomba. Kwa Desemba toza kwa kipindi: anayekuja mara nne analipa mara nne. Mwenye ukumbi naye mweleze kwamba mwezi huu unautumia siku mbili kwa wiki, mwenye busara atakusikiliza. Akikataa, viwanja vya wazi vipo, na asubuhi havina watu.

Januari ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Shule zinafunguliwa, kuna ada, sare na madaftari, na mshahara wa Desemba ulilipwa mapema ukaliwa wote. Ruhusu ada ya Januari ilipwe kwa awamu mbili. Na tafadhali, ile ofa ya nusu bei kwa wanachama wapya isiwe chini ya alicholipa yule aliyekuja kuruka na wewe Desemba yote. Watu wanaona, na watakuambia kwa miguu.

Klabu yetu Temeke ina Waislamu wengi. Tarehe 25 tukimbie kama kawaida? (Katibu wa klabu, Temeke)

Kimbieni, ila waulizeni kwanza Wakristo wenu, maana kutangaza bila kuwauliza kutaonekana kana kwamba hawahesabiki. Mbio kubwa ya pamoja iwekeni tarehe 26. Asubuhi ya Krismasi barabara huwa tulivu, lakini chungeni madereva wanaorudi kutoka kwenye mikesha.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Miaka hii Ramadhani inaangukia kati ya Februari na Machi, kwa hiyo kati ya mwaka mpya na mfungo mna wiki chache tu. Msianzishe Januari shindano la wiki 12 ambalo nusu ya klabu italiachia katikati. Fanyeni la wiki nne au tano, limalizike, washindi wapewe fulana zao. Baada ya Idi mwanze jingine.

Kila Januari nikipanda mizani naona kilo nne zaidi. Nakata tamaa hata kurudi darasani. (Msomaji, Ukonga)

Kilo nne zilizoongezeka kwa siku chache, sehemu kubwa huwa ni maji, chumvi na chakula ambacho bado kiko tumboni. Mwaka 2000 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha utafiti wa watu wazima 195 waliopimwa kabla na baada ya msimu wa sikukuu. Kwa wastani waliongezeka chini ya nusu kilo. Habari mbaya ni kwamba kidogo hicho kwa kawaida hakikuondoka miezi iliyofuata, kwa hiyo si cha kupuuzwa, ila hakistahili kukukimbiza. Rudi darasani, na upande mizani baada ya wiki mbili.

Walimu mnaopima watu siku ya kwanza ya Januari mbele ya wenzao, acheni.

Kuna kaka anakuja Jumapili asubuhi akitokea moja kwa moja kwenye sherehe, ananuka pombe, na anataka kuruka na wengine. Nimrudishe nyumbani? (Mwalimu, Mikocheni)

Usimrudishe, na usimruhusu kuruka. Pombe hukausha mwili, na joto la Desemba na unyevunyevu wa pwani vinaongezea juu yake. Mpe maji, akae kivulini. Akisikia kizunguzungu kisichoisha, akachanganyikiwa au mwili ukawa wa moto sana, mpoozeni kwa maji huku mkimkimbiza hospitali. Akiwa sawa, mpe saa na kazi ya kuhesabu raundi za wenzake. Jumapili inayofuata aje akiwa amelala.